Shauri la Uongo wa Katibu na Kifo cha Mama Deok-su

CHAMA CHA KUJIREKEBISHA, KIJIJI CHA YONGHO, PYEONGAN, KOREA
Kikao cha saba, 11 Aprili 1908, saa nane mchana, darasani

Waliohudhuria: Mwalimu Ok Seung-jae (Mwenyekiti), Mzee Pyo Gyeong-sik, Ndg. Eom Baek-su, wanachama wengine tisa, na Tak Il-mun (Katibu).
Hakuhudhuria: Ndg. Bang, anaumwa tumbo. Mzee Pyo alisema tumbo hilo huuma kila wapitapo askari.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti alisoma kanuni ya kwanza, aliyoitunga mwenyewe: mwanachama hasemi uongo, hata kwa mzaha. Hakuna aliyemtazama Katibu.

KUMB. NA. 2/7: MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba Jumanne askari wa Kijapani walifika shuleni kumtafuta Ndg. Eom, aliyepigana nao milimani. Ndg. Eom alikuwa amejikunja ndani ya mtungi wa kuchachushia kabichi ya kimchi nyuma ya jiko. Katibu aliwaambia amekimbilia Namgol, kijiji cha jirani. Aliichagua Namgol kwa kuwa msimu huu watu wote wa huko hushinda mashambani. Hakufikiria wagonjwa. Mama Deok-su alikuwa amelala na homa. Askari walimtaka aseme Eom yuko wapi, naye hakuwa na la kusema. Walimpiga hadi akafa, wakachoma nyumba.

KUMB. NA. 3/7: MJADALA
Mzee Pyo alimuuliza Mwenyekiti: "Wewe Mwalimu ungewaambiaje? 'Karibuni, yumo mtungini, msivunje mfuniko'?"

Watu walicheka, kisha wakaona haya.

Mwenyekiti alijibu kwamba angenyamaza.

"Kunyamaza nako ni kusema, mwanangu. Wangepekua."

"Wangepekua hapa, Mzee. Wangetuua sisi tuliomficha. Mawaziri waliouza nchi kwa Wajapani walifanya hivi hivi. Walisema neno, akalipa aliyelala kwake."

Mzee Pyo alisema hayo ni maneno ya mtu wa miaka ishirini na sita asiye na mtoto. Mwenyekiti alikiri. Aliongeza kwamba bado haoni taifa litakavyosimama juu ya migongo ya watu wasioulizwa.

Ndg. Eom alisema, "Si mngeniacha nitoke tu!" akalia. Katibu alishindwa kuandika kwa muda, hivyo yaliyosemwa hapo hayamo.

KUMB. NA. 4/7: UAMUZI
Ilitolewa hoja Katibu afukuzwe. Mwenyekiti aliipinga: "Kumfukuza ni kumpumzisha." Badala yake iliamuliwa kwamba Katibu aende Namgol kesho asubuhi, amweleze Deok-su kwa kinywa chake nani aliyewatuma askari. Mzee Pyo alikumbusha kwamba Deok-su ni mkata kuni, na shoka halimtoki mkononi. Mwenyekiti alisema atafuatana na Katibu hadi mlangoni, na ndani pia.

Mwenyekiti aliagiza jina la marehemu liandikwe, lake mwenyewe, si la mwanawe. Wote waliulizwa, mmoja mmoja. Hakuna aliyelijua, ingawa hakuna ambaye hajawahi kula kwake. Katibu aliona aibu iliyozidi hata ile ya uongo. Iliagizwa amuulize Deok-su, akipewa nafasi ya kuuliza.

Marehemu: ...............................

KUMB. NA. 5/7: KUFUNGA
Watu walitawanyika saa kumi na robo. Chai ya shayiri ilibaki kama ilivyoletwa.

Ok Seung-jae, Mwenyekiti
Tak Il-mun, Katibu

Nafasi iliyoachwa hapo juu itajazwa na atakayerudi.