Kutu Niliyokusingizia

Mama yangu mpenzi,

Boliti imetoka. Ile ya chini, mbele kabisa ya kava la injini, ambayo ulikuwa ukiniona nimeichutamia kila Ijumaa na kitambaa na mswaki mkuukuu. Imetoka jana asubuhi, Konde, kwa Fundi Khamis, na tangu itoke sina raha. Najua ulipo barua haifiki. Lakini wa kuambiwa kwanza ni wewe, kwa hiyo nakuandikia.

Unakumbuka siku pikipiki ilipoingia Kiuyu? Uliizunguka mara mbili, ukaigusa taa, ukauliza kama nayo hunywa maji. Kisha ukaisomea dua, ukaipulizia, ukasema, "Haya mwalimu, sasa hutochelewa skuli." Ukapanda nyuma kiupande, buibui umelikusanya mapajani, nikakupeleka kwa dada Asha na kukurudisha. Njia nzima ulikuwa ukiwasalimu watu kwa sauti, hata wale uliokuwa hujasemezana nao tangu harusi ya Asha, ili mradi wakuone.

Kisha ikawa mwani. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, nilikuwa nikitoka skuli napitia pwani kuwachukulia magunia. Mwani mbichi mzito, nao hauachi kuvuja. Maji ya chumvi yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye keria, nyuma ya kiti, na wewe na Asha mkinifuata nyuma kwa miguu, mikono mitupu, mnacheka jambo lenu. Nilikuwa nakipenda kile kicheko. Sikuwahi kukwambia.

Halafu nikaiona kutu. Boliti moja tu, nyekundu, imeanza kumomonyoka. Nikakuita uani, nikakuonesha kwa kidole, nikakusomesha: chumvi, chuma, hewa, maji, somo zima kama nilivyolisomesha darasa la sita wiki ile ile. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ungo umeushika mkononi.

"Kwa hiyo ndo mwani wangu huo?"

"Ndio, mama. Ndio mwani."

"Haya baba. Chombo chako, wewe ndo ukijuae."

Ukarudi kupepeta mchele wako. Bamvua lililofuata ulijitwika gunia kichwani, na lililofuata tena, na sikukuuliza kitu. Nilijiambia kwamba wanawake wote wa pwani hujitwika, na pikipiki ndiyo inayonipeleka kazini. Ulipokuja kuanguka, daktari alisema ni presha ya siku nyingi, na mimi namwamini. Sisemi kwamba gunia ndilo lililokuua. Nasema tu kwamba lilikuwa zito, na mimi nilikuwa na pikipiki.

Zile siku zako za mwisho tuliingia chumbani mmoja mmoja kukuomba radhi. Nami nilisema maneno yote yanayosemwa: kwa ninalolijua na nisilolijua, kwa la siri na la dhahiri. Ukanishika mkono ukanambia, "Nshakuwia radhi, mwanangu." Ulikuwa huna nguvu hata ya kuinua kichwa, lakini lile ulilisema kwa sauti. Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua. Moyoni mwangu lile la magunia sikulitia. Niliomba kwa mengine yote, hilo nikaliacha nje, kwa sababu niliamini haki ilikuwa yangu. Ushahidi ninao, nilijiambia, upo kwenye injini.

Mwezi huu klachi ikaanza kuteleza. Injini inanguruma, chombo hakiendi. Mlima wa kuingia Konde niliupanda kwa miguu nikiisukuma, na wanafunzi wangu wa zamani wakinipa pole huku wanaficha meno. Kubadili klachi ni lazima kava lifunguliwe, nami, unanijua, nikajitia ufundi. Boliti za kava ni nane. Saba zilikubali spana bila ubishi. Ya nane, yenye kutu, spana ikateleza. Nikavuta kwa nguvu zaidi, ikateleza tena, pembe moja ya kichwa ikaondoka. Nikaitia mafuta ya taa, nikaiacha siku mbili, nikaigonga kwa nyundo ili ishtuke. Wapi. Nikaishika kwa koleo, koleo likaitafuna pembe zilizobaki, na mwisho kichwa kikawa duara, hakuna tena pa kushika. Na Mungu anisamehe, kila spana ilipoteleza nilisema kimoyomoyo: huu mwani wa mama huu. Miezi minane umo kaburini na mimi bado nakusema.

Nikazirudisha zile saba, nikaipakia pikipiki kwenye gari la mizigo mpaka Konde.

Fundi Khamis hana maneno mengi. Aliichutamia boliti, akaipiga brashi ya waya, akalisawazisha lile duara kwa tupa. Kisha akachagua nati moja kutoka kopo lake, akaikalisha juu ya kichwa kile na kuichomelea kwa ndani, kupitia tundu lake, mpaka nati na boliti vikawa kitu kimoja. Mimi nikanyanyua spana kumpa.

"Tulia, mwalimu," akasema. "Moto ndo wafanya kazi. Sisi kazi yetu kungoja."

Tukangoja. Akaagiza kahawa, tukanywa. Kahawa ilipokwisha akatia spana kwenye ile nati mpya, akaipeleka kushoto kidogo, akairudisha kulia, kushoto tena, kulia tena, bila kukunja uso. Sikuiona ikianza kutoka. Niliisikia tu, mlio mwembamba, na hapo ikawa inakuja yenyewe, mzunguko kwa mzunguko. Akaiinua juu akaitazama.

"Mwalimu, hino kaitia nani?"

"Kwani vipi?"

"Si ya pikipiki hino. Tazama uzi wake, mnene. Mtu kailazimisha humu kwa nguvu, ndo maana ikashika."

"Si chumvi? Nilikuwa napakia mwani nyuma."

Akacheka. "Nyuma, ndo hivyo. Huku mbele chumvi ifike vipi? Ingekuwa chumvi, ingezila hizi za nyuma kwanza. Nazo hizi hapa, nzima zote."

Akanipa boliti. Ilikuwa bado na joto, nikaihamisha mkono huu na huu, na hapo nikaikumbuka. Mwaka ule wa kwanza nililifungua kava lile mwenyewe, kwa ujuaji tu, kutaka kuona ndani mna nini. Boliti moja ikanipotea mchangani. Nikenda skuli, nikafungua boliti ya dawati bovu la darasa la tano, nikaja nayo. Ilikataa kuingia, nikailazimisha kwa spana niliyoitia kipande cha bomba. Chuma kibovu kile, cha kushika kutu hata kikiwekwa kabatini. Nilisahau, mama. Wallahi nilisahau kabisa, na nilipoiona nyekundu nikatafuta wa kumlaumu, nikakuta upo karibu.

Klachi imefungwa, pikipiki inakwenda vizuri. Nilipotoka kwa fundi sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Asha. Nilimkuta barazani anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, nikamweleza yote, la dawati na la moyoni. Hakunyanyua kichwa. Alifunga fundo, akafunga la pili, kisha akaniuliza:

"Wajua mama akipita njia gani na lile gunia?"

"Si ya barabarani?"

"Hata. Akizunguka kule nyuma, kwenye mihogo. Mbali, na kuna mteremko mbaya. Nikamuuliza, mama, wajitesa nini? Akanambia, 'Wakiniona watu nimejitwika watasema, na mwanawe ana chombo. Sitaki mwanangu asemwe.'"

Nilikaa chini pale pale barazani. Asha akaniachia nafasi, akaendelea na kamba yake. Nililia, mama, mtu mzima mimi, na sikuona haya.

Basi ile radhi uliyonipa naiomba upya, na mara hii nalitaja kosa kwa jina lake. Nilikunyima kukubebea mzigo, nikakutia makosani kwa kutu niliyoileta mwenyewe, na ulipokuwa unanisamehe kwa yote, mimi nilikuwa nimejizuilia moja. Nakuombea Mungu akupanulie kaburi lako na akujaalie usingizi wa waja wema. Nitakuja Ijumaa.

Na barua hii sitaizika drooni. Naitoa wazi, wasome Kiuyu, wasome Konde, wasome na wale uliokuwa ukiwasalimu kwa sauti ukiwa nyuma yangu. Ulizunguka njia ndefu, na gunia kichwani, ili watu wasijue mwanao ni mtu wa namna gani.

Wajue.

Mwanao,
yule mwalimu