Mpagani Mwenye Kibuyu

Kathonzweni, Alhamisi, 1985

Dada yangu Ndunge ameamua bintiye Syombua asomee nyumbani, kwa kuwa shule iko ng'ambo ya mto na mtoto ni mdogo. Hilo sikulipinga. Ninachokipinga ni masomo ya Kikristo aliyoyachagua, sanduku zima la vitabu alivyoachiwa na mke wa mmishonari.

Leo kitabu kilimwamuru mtoto apake rangi picha ya mpagani aketiye gizani. Mpagani mwenyewe ni mwanamke mweusi, ana shanga shingoni na kibuyu cha maji mgongoni.

Syombua alipomaliza akaniinulia ukurasa. "Mjomba, ona! Ni susu!"

Susu, nyanya yake, ambaye mtoto huyu amepewa jina lake! Mama yetu, aliyebeba maji kwa kibuyu kama hicho ili kanisa letu lijengwe! Je, hii ni elimu, au ni kumfunza mtoto kumdharau aliyemzaa mama yake?

Niliurarua ukurasa ule.

"Rarua tu, Musyoka," Ndunge akasema. "Chuo kikifunguliwa utapanda basi ukapige kelele huko. Mtoto nitamfundisha na nini, hotuba zako?"

Syombua alikuwa akilia. Nilikuwa nimemrarulia susu wake.

Nimeugandisha ukurasa kwa uji. Neno lile MPAGANI nimelikata kwa kalamu, nikaandika chini yake: SUSU. Kesho atalisoma. Somo la pili, kusema kweli, sijui nitalitoa wapi.