Moshi wa Nyuki

Kituo kidogo, jirani na Kigwa
4 Juni 1974

Dada Apolinaria,

Shikamoo. Baba hajambo? Kikohozi kimemwacha? Mimi nina afya, ila hofu ya kazi haijaniacha. Kabla ya kushusha ishara ili treni ipite, sharti nimpigie simu Omari wa kituo cha mbele nimuulize kama njia ni tupu. Akishajibu nasahau kama amejibu, nampigia tena. Ananiita kasuku wa Kipalapala, eti narudia maneno kama tulivyokariri seminarini.

Mussa, fundi wa reli, alinipa bangi. Usipige kelele! Hofu iliondoka. Nikasikia nyaya za simu zinavyovuma, sauti juu ya sauti, kitu ambacho sijawahi kusikia. Nimepata usikivu au nimeupoteza? Swali hili linanisumbua kweli. Baba asijue.

Mdogo wako,
Modest

Nzega
16 Juni 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba anakohoa na kugomba kama kawaida. Tangu tuhamie kijiji cha Ujamaa mizinga imekuwa mbali, lakini Jumapili tulikwenda.

Niliwatazama nyuki wakifukizwa. Nilidhani moshi huwalaza. Hawalali! Wanakimbilia asali na kujishindilia kama msitu unaungua, wala mkono wa Baba hawauoni. Nikakuwaza wewe na nyaya zako.

Ukishavuta, Omari anakuitaje? Kama hakuiti kasuku tena, ogopa.

Dada yako,
Apolinaria

Kituoni
9 Julai 1974

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu mkono ulikuwa hautulii.

Barua yako ilinikuta nimeshavuta. Niliiweka mfukoni nisome baadaye. Nyaya zilivuma vizuri mno. Hata leo naweza kukuimbia. Nikashusha ishara, treni ya mizigo ikapita. Ndipo Omari akapiga simu: "Kasuku, mbona leo kimya? Mussa yuko relini na toroli lake!"

Dada, sikuwa nimempigia. Wala sikuwa na hofu kwamba sijampigia.

Mussa aliisikia honi, akaruka. Toroli limekuwa vyuma chakavu, yeye ameteguka bega. Nilipokwenda kumwona alisema, "Bwana karani, bangi yangu imenirudia kwa magurudumu." Akacheka. Mimi nililia.

Nimemweleza mkuu wa kituo yote. Ameniondoa kwenye ishara hadi wakubwa waamue. Sasa nakata tiketi. Hofu imerudi. Nawaza: yenyewe hunisahaulisha jibu la Omari, lakini haijanisahaulisha kuuliza. Mwambie Baba, nimechoka kumficha.

Modest

Nzega
27 Julai 1974

Modest,

Marahaba. Hatujambo. Mpe Mussa pole.

Nilimsomea Baba barua zako zote. Alisikiliza mpaka uji wake ukapoa. Kisha akauliza, "Bado anatetemeka?" Nikasema ndiyo. Akasema:

"Basi aombe likizo aje. Mwenge wa moshi atashika yeye. Mwaka jana nilimpa Anselm, yule kijana wa jirani asiyeogopa kitu. Akanichomea mzinga."

Njoo. Ukifika kwenye mti wa mizinga, utamuuliza Baba mara tatu kama yuko tayari. Atakutukana, lakini kila mara atajibu.

Dada yako,
Apolinaria