Mti Nilioung'oa kwenye Jukwaa

Alhamisi, jioni. Joto la Homa Bay leo ni la kukaanga mtu, na mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi bila kudondosha hata tone.

Nimekuwa fundi wa ujenzi miaka kumi na minne na sijawahi kuogopa kupanda jukwaa. Wiki hii nimeogopa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi tulikuwa karibu na Kendu Bay, tukimjengea mzee mmoja nyumba ya mabati katika boma lake jipya. Kwa desturi yetu Wajaluo, anayehamia boma jipya lazima alale ndani ya nyumba hiyo siku ile ile. Asubuhi kichaka, jioni nyumba. Kufikia saa kumi tulipungukiwa na mti mmoja wa paa, na mzee alikuwa akiliangalia jua zaidi kuliko alivyotuangalia sisi. Nikaung'oa ule mti wa mshazari unaozuia jukwaa lisiyumbe. Nilijiambia yamebaki mabati mawili tu. Haraka haraka haina baraka, tumeimba hivyo tangu chekechea, na bado.

Okoth, mwenzangu wa kazi miaka yote hii, alikuwa juu akipigilia misumari. Sikumwambia.

Jukwaa lilijikunja upande mmoja. Aliangukia rundo la mawe na mfupa wa paja ukavunjika mara mbili.

Nyumba iliisha. Mzee alilala ndani.

Tangu siku hiyo watu wanasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa sababu mzee amehama kabla ya kaka yake mkubwa. Eti chira imemruka mwenye nyumba ikampata fundi. Nami nilinyamaza, tena nikaitikia kwa kichwa pamoja nao. Uongo ule ulinifaa. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo nimemkuta Okoth wodini akimwamuru mkewe, Akinyi, afunge mizigo. Amekataa upasuaji wa kuwekewa chuma. Anataka kwenda nyumbani kwanza akanywe manyasi, dawa ya miti shamba ya kuondoa chira. Daktari amesema wakichelewa zaidi, huenda mguu ule usimbebe tena.

"Omera, ndugu yangu, chuma haiwezi shika mfupa kama chira bado iko," akaniambia. "Ambia huyu Akinyi. Wewe ulikuwa hapo, uliona."

"Shem, ongea na yeye," Akinyi akasema. "Mimi amenishinda."

Basi nikasema. Nikasema ni mti upi, nani aliung'oa, na kwamba nilijua yuko juu. Nilisema nikiangalia sakafu kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye.

Akinyi alianza kutoa nguo kwenye mfuko, moja moja, akizirudisha kabatini. Okoth aligeuza uso ukutani.

"Itia mimi daktari," akasema hatimaye. "Halafu wewe uende."

Nilimwita daktari. Kisha nikaenda.

Sijui kama atanisamehe, wala sidhani nina haki ya kuuliza sasa. Kesho saa mbili asubuhi wanampasua. Nitakaa kwenye benchi nje ya mlango, na akizinduka akanifukuza tena, nitaondoka, lakini nitakuwa nimemwona anapumua.