Mafuta ya Ndege kwa Safari ya Arusi

Nakawa, Kampala
Jumapili mchana

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo wewe na Mama, tena shikamoo ya mikono miwili. Namwomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani na chai yako, si umelala chali chini ya lile gari. Kifua cha Mama kimepoa tangu mvua zikatike? Na dada Mwanaidi bado anakula vizuri, au arusi yake imeshamnyima chakula? Huku sote tu wazima. Shangazi, dada yako, ana nguvu zake zote na sauti yake yote. Shemeji yako Baba Shabani ameongeza mvi chache, lakini yeye anasema ni vumbi la barabarani. Sukari ni ya kusimuliwa, na sabuni tunaikata kwa uzi ili kila mtu apate kipande. Hata hivyo shule haijafungwa hata siku moja, na mimi sijakosa hata siku moja.

Baba, nilisoma barua yako mara nyingi kwa sababu ni mara ya kwanza umeniuliza swali kama mtu mzima mwenzako. Umesema umenunua pikapu kuukuu, na kwamba muuza duka wa sokoni huko Mumias anakushauri uchanganye petroli na mafuta ya taa ili usitumie pesa nyingi. Ukaniuliza, kwa kuwa nasoma fizikia, mafuta gani yanafaa na hayatakutia hasara. Jibu ninalo. Lakini nianze na yaliyotupata wiki hii, kwa maana jibu lenyewe limo humo.

Unajua Baba Shabani ameahidi kutuleta arusini kwa gari lake la Pijo. Miaka miwili sijaiona nyumba yetu, kwa hiyo ahadi hiyo nilikuwa nailalia na kuamkia. Gari lilikuwa zima, lakini tangini mlikuwa na petroli ya kufika Jinja tu. Kwenye vituo foleni zinapinda hadi mtaa wa pili, na mara nyingi pampu hukauka kabla ya mtu wa kumi. Petroli ya magendo ipo mtaa wa Katwe, ila wanaiuza ndani ya chupa za soda na hujui wamechanganya nini. Baba Shabani alizunguka siku nzima, akarudi na dumu tupu, akaketi bila kuvua viatu. Shangazi akaniangalia, nami nikaelewa kwamba safari haipo. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake alasiri akaja jirani yetu, sajini wa jeshi anayekaa nyumba ya kona. Ni mtu mkubwa, anacheka kwa kifua, na mtaa mzima humsalimu kabla hajafika. Alikuwa amebeba madumu mawili, akayatua mlangoni hadi sakafu ikalia.

"Mama Shabani! Mimi nasikia nyinyi nakwenda harusi. Mimi hapana kuja mikono mitupu. Hii mchango yangu."

"Mungu akuzidishie, afande," Shangazi akasema. "Ni nini tena?"

"Mafuta! Na si ile ya foleni. Hii ya ndege! Rafiki yangu iko kule kwa ndege, amenipa. Weka kwa Pijo, utaona. Utafika Kenya, breki nashindwa kukamata!"

Akacheka, akaenda zake. Na Baba, unajua mchango wa arusi haurudishwi hata ukitoka kwa maskini. Sembuse ukitoka kwa mtu mwenye bunduki.

Baba Shabani alikuwa ameshafungua tangi na kuchomeka mrija. Uso wake ulikuwa umerudi ujanani. Nami nilipolisikia lile neno "ndege", somo letu la muhula uliopita likanirudia lote. Nilipiga goti, nikasema, "Baba Shabani, naomba kwanza niyajaribu."

"Kujaribu nini, Zaina? Ndege inabeba watu na mizigo yao juu ya mawingu. Mimi nakubeba wewe na kapu la shangazi yako. Mafuta yanayorusha ndege yatashindwa na Pijo?"

"Ndege ndogo zenye panga puani hutumia petroli, Baba. Lakini zile kubwa zinazovuma hazina plagi za kurusha cheche kila mara kama Pijo. Injini zake ni kama jiko la kupampu linalopuliza moto bila kupumzika. Mwalimu alituambia zinachoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa."

"Mwalimu wako ana ndege?"

"Hana, Baba."

"Ana gari?"

"Hana. Ana baiskeli."

Shangazi akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akamwambia mumewe, "Rajabu, mwache mtoto. Ukikosea hapa, tutalala msitu wa Mabira tukisukuma."

Kwa hiyo nikachukua karatasi yangu ya kukaushia wino, nikaikata vipande. Tulikwenda uani, mbali na moto. Nilidondosha tone la petroli tuliyoitoa tangini kwa kijiti, na pembeni yake tone la mafuta ya afande. La petroli lilikauka tukiliangalia, karatasi ikabaki kama haikuguswa. La afande lilikaa. Likatambaa, likaacha doa la mafuta kama lile la kitumbua kwenye gazeti. Baba Shabani alilishika, akalinusa, akaligeuza kwenye jua. Akachomoa mrija kwenye tangi, akaufuta vizuri kwa kitambaa, akafunga kifuniko.

"Injini ingezima wapi?" akaniuliza.

"Pengine ingewaka kwa petroli iliyobaki kwenye kabureta, ikatoa moshi mweupe, halafu ikafa kilimani."

"Mbele ya kizuizi cha barabarani," akasema yeye, na hapo hakuna aliyecheka.

Sasa tulikuwa na madumu mawili ya mafuta yasiyofaa gari, na jirani ambaye hawezi kuambiwa kuwa zawadi yake ni mafuta ya taa. Shangazi ndiye aliyeyapatia kazi. Wiki tatu tulikuwa tunapikia vijiti, na jioni nilisoma kwa mwanga wa mlango wa jirani. Akatia mafuta yale kwenye jiko la kupampu, akalisukuma, nalo likavuma kama linataka kupaa! Sauti hiyo ndiyo iliyomleta Mama Furaha, mama wa Kikongo anayeuza vitenge upande wa pili wa barabara.

"Mama Shabani, miye nasikia jiko inalia. Mafuta ya taa umepata wapi? Kwangu watoto wanakula mu giza."

"Ni zawadi ya arusi, dada."

"Unigawie kidogo. Ya kukulipa sina, lakini bwana yangu iko na motokari, gia imevunjika, inalala tu pale kama ng'ombe ya kufa. Essence iko ndani, tangi karibu kujaa. Hatuna namna ya kuitumia."

Hiyo essence yao, Baba, ndiyo petroli. Baba Shabani, aliyekuwa akivua viatu, akavivaa tena.

Tulibadilishana dumu kwa dumu mchana kweupe, na kila upande ukajiona umependelewa. Kabla ya kuitia kwenye gari niliiacha itulie ndani ya dumu, nikavuta ya chini kwa mrija hadi kwenye chupa ya kioo, kwa sababu petroli ikikaa muda mrefu huweza kuingiwa na maji, nayo maji huzama chini. Chini palikuwa na maji kiasi cha kifuniko cha soda. Tukayaacha humo, tukachuja iliyobaki kwa kitambaa safi. Kwenye karatasi haikuacha doa lolote.

Basi hili ndilo jibu lako, Baba. Usichanganye na mafuta ya taa. Yatakupa wingi, lakini injini itagonga, plagi zitajaa masizi, na fundi atakula kile ulichodhani umekiweka akiba. Wala usihangaike na super, ile petroli ya bei ya juu, maana hiyo ni ya injini mpya zinazobana sana mvuke wa petroli. Injini kuukuu kama yako haifaidiki na ile bei ya ziada. Nunua petroli ya kawaida, iwe safi, kwenye kituo kinachouza sana ili isiwe imelala. Dondosha tone kwenye karatasi kabla ya kujaza. Kilicho rahisi ni kile kinachokufikisha.

Jana afande alipita. Alisimama mlangoni, akaliangalia Pijo.

"Sasa, Zaina! Mafuta yangu itafikisha nyinyi?"

Shangazi alikuwa anamchemshia chai juu ya jiko lile lile linalovuma. Hakugeuka. Nikamwangalia afande usoni, kwa sababu niliona sihitaji kudanganya.

"Yatatufikisha, afande. Bila mafuta yako tusingekwenda."

Alifurahi sana. Alikunywa chai bila sukari, akasema ni tamu.

Tutaondoka Alhamisi alfajiri. Petroli tuliyonayo inatosha hadi Busia, lakini haitoshi kufika kwako wala kurudi. Kwa hiyo nakuomba, Baba, uje mpakani na pikapu yako na dumu la petroli ya kawaida. Kama Mama anaweza kukaa mbele pamoja nawe, mlete. Nitamwona kabla hajaniona, namjua kwa mwendo.

Mpe Bibi salamu zangu, umwambie nimekuwa mrefu na asishtuke. Msalimie mwalimu wangu wa madrasa, fundi anayeshona nguo za arusi, na kaka mdogo, umwambie kitanda changu akiachie. Dada Mwanaidi mwambie asilie kabla sijafika, tulie wote.

Barua hii inaletwa kwa mkono na mtu wetu, mpe chakula. Ndani ya bahasha nimetia kipande cha ile karatasi. Upande wa kushoto utaona doa, ni la mafuta ya ndege. Upande wa kulia hutaona kitu, ingawa nimepachorea duara kwa kalamu. Hicho usichokiona, Baba, ndicho kinachonileta nyumbani.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,
Zaina