Kumbukumbu ya Baba Ezéchiel Musonda, Kipa Aliyeita

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike hapa Johannesburg. Wengine huandika kwamba machozi yamekauka. Sisi tuna hasira, na mimi mwanao Firmin sijui kuipamba.

Ulikuwa mmoja wa makipa wa kwanza Lubumbashi walioandikwa kazi ya mpira peke yake. Wenzako walitoka karakana za mgodi ndipo waje uwanjani. Kitambulisho chako kilisema "Kazi: kipa", na Mama alikionyesha kwa majirani.

Ulikuwa mpole. Hukupokea kitu kwa mkono mmoja, hata ufunguo, hata chungwa. Wajukuu zako wanaongea Kizulu na Kiingereza, lakini "Mikono miwili!" wanaisema kwa sauti yako. Tulipohamia huku Johannesburg, miaka kumi na tisa ulilinda geti la duka la jumla pale Fordsburg, na mlinzi mwenzako akiugua ulimshikia zamu kabla hajaomba.

Hata kwenye geti hilo Wakongo wenzetu walikufuata. "Kipa, hili gari usiliachie kama lile goli!" Ukacheka nao.

Fainali ya 1974, dakika za mwisho, goli moja. Kipa akitaka mpira anaita, na beki anaondoa mguu. Redio ilisema hukuita. Timu ikakufukuza, Mama akiwa na mimba yangu, na hakuna timu nyingine iliyokutaka tena. Siku ya mazishi yako mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakongo alilitania goli hilo jeneza likiwa mbele yake. Watu wakacheka. Beki wako wa siku ile, Mzee Marcellin, ambaye naye alihamia huku, alikaa kiti cha mbele. Naye akacheka.

Siku ya kuondoa matanga alikuja kwetu Kensington, akala, kisha akaanza kulia.

"Firmin, baba yako aliita. 'Acha, yangu!' Nilisikia vizuri. Mguu ukaenda tu."

Mpira ukamgonga yeye, ukakupita wewe.

"Kwa nini Baba hakusema?"

"Mimi nilikuwa nimeshaonywa na wakubwa. Kosa moja tena, nafukuzwa. Baba yako akawaambia hakuita. Lakini mwanangu, haya tuyaache humu ndani. Mimi ni mzee sasa."

"Na yeye hakuzeeka?" Mama akamuuliza, akaondoa sahani yake.

Miaka hamsini, Baba! Jumapili ngapi alikula mezani kwetu, watu wakikutania, yeye akikuomba umpitishie pilipili? Na wewe pia nimekukasirikia. Ulimwokoa yeye, sisi tukakua tukiitwa watoto wa kipa aliyelala. Ungetuambia hata sisi tu, mlango ukiwa umefungwa.

Jumapili hii, baada ya misa yako, tumempa Mzee Marcellin nafasi ya kusimama mbele ya watu walewale waliocheka, alisafishe jina lako kwa mdomo wake. Hajatujibu. Asiposimama, nitasimama mimi, na Mama ameniambia nisipunguze hata neno.

Wanaokukumbuka ni mkeo Victorine, sisi watoto wako Firmin na Brigitte, na wajukuu zako Exaucé na Chloé. Hatutakusahau kamwe, Baba. Hao wengine nao wakukumbuke, lakini kwa ukweli.