Jua la Mkono wa Kulia

Uingereza,
Mfunguo Saba, 1380

Dada yangu mpenzi Bi Mwatum,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nakuuliza hali yako, na hali ya goti lako, na kama bado unalisugua mafuta ya karafuu kabla ya kulala au umeshaona tabu. Namuuliza hali binti yangu Mwanawema, ambaye tangu mama yake atangulie mbele ya haki hana mama ila wewe. Nawauliza majirani wote wa Madungu, na Ami Mjaka pia, ingawa najua akisikia ametajwa atataka kujua nimemtaja kwa lipi. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, alhamdulillah. Habari za moyo nitakupa taratibu, usinikimbize.

Utaona nimekuandikia kwa herufi za msahafu, sikutumia hizi za skuli. Nimekusudia. Nataka barua hii uisome mwenyewe, umekaa kitako chumbani kwako, asije mtu akakusomea barazani. Ukishayajua yaliyomo, utaamua wewe nani ayasikie.

Bado naiona siku ile niliyoondoka. Ulinishikia msahafu mlangoni nikapita chini yake, nikarudi, nikapita tena, na mimi mtu mwenye mvi za ndevu nikainama kama mtoto anayepelekwa chuoni. Ami Mjaka alikuwa barazani na kahawa yake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima kwamba watu wakenda Ulaya hurudi wamenenepa, wamejua kula kwa uma, na kibla hawaijui tena iko wapi. Wewe ukamjibu humo humo mlangoni, msahafu mkononi, kwamba huyu kibla kafundishwa na mie, Ami, hawezi kuipoteza. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Neno lako nililichukua nikaondoka nalo mpaka bandarini Wesha, na kutoka Wesha mpaka Unguja.

Na kweli ulinifundisha wewe. Wakati ule tulipokuwa Wawi, baba yuko mashambani na mama yuko juani anaanika karafuu, wewe ndiye uliyenisimamisha juu ya mkeka uani, ukanishika mabega. Ukaniambia jua linachomoza mkono wako wa kulia, linatua mkono wako wa kushoto, wewe simama katikati yao na usitikisike. Kisha ukakaa ubavuni kwangu upande wa kulia ukisuka ukili, na nilipogeuza shingo kutoa salamu ya mwisho wa sala, ukaniitikia, wa alaika salaam bwana mdogo, za huko utokako? Nilicheka mpaka nikaanguka, na mama akakugombeza kwamba unamchezesha mtoto katika ibada. Siku ya pili ukafanya tena.

Sasa nikueleze safari. Ndege kubwa tuliipandia Nairobi. Nilikuwa nimenuia kukaa macho, maana watu waliniambia tutapita juu ya majangwa na bahari, lakini nilipofungwa mkanda na taa zikapunguzwa, usingizi ukanibeba. Nilipoamka nikaambiwa Afrika yote iko nyuma. Dada, nilisikitika. Ilikuwa kama mtoto anayelala ukumbini kisha akahamishwa kitandani, anaamka hajui ni mikono ya nani iliyomchukua wala amepitia mlango gani. Kumbuka neno hili, nitalirudia.

Tangu hapo niliishi kama mtu ambaye hajaamka sawasawa. Mji huu ni mdogo na wa mawe, na asubuhi ukungu hushuka mpaka miguuni, ukawaona watu wanakuja nusu nusu, kofia kwanza, kisha uso, kisha mkono unaokusalimia, na wakishapita hufutika. Pumzi yako unaiona ikitoka kinywani. Siku ya mwanzo nilidhani naungua kwa ndani! Hakuna jogoo, hakuna mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya njia, hakuna adhana. Nyayo zangu mwenyewe nilikuwa nazisikia kama za mtu anayenifuata.

Nimepangishwa chumba kwa mama mmoja mjane aitwaye Bibi Ashworth, mtu mwema sana. Ameambiwa kuhusu nguruwe na ameelewa, na kila alfajiri nalikuta birika la maji ya moto mlangoni kwangu kwa ajili ya udhu, ingawa bado anaamini nanyoa ndevu. Siku niliyofika nilimwomba anionyeshe jua huchomoza wapi. Alicheka, akasema hapa jua halichomozi mara nyingi, lakini likitaka kuchomoza hutokea pale nyuma ya bomba la moshi la kiwanda. Nikamshukuru. Nikasimama chumbani, nikaweka lile bomba la moshi mkono wangu wa kulia kama ulivyonifundisha, na mbele yangu pakawa na ukuta wenye picha ya mbwa. Nikamwomba kwa adabu aiondoe. Akaiondoa, akamwomba radhi mbwa kwanza, mimi baadaye. Pale ilipokuwa pamebaki alama nyeupe ya mraba, na hiyo ndiyo nikawa naielekea kwa sala zangu zote tano.

Nisikufiche. Sala zile zilikuwa kavu. Nilisoma kila nilichosoma maisha yangu yote, na nikimaliza nilikuwa kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Ile alama nyeupe ilinitazama nami nikaitazama. Nilijua Mola hana mahali asipokuwepo, hilo nawafundisha watoto skuli kila siku, lakini kujua ni kitu kimoja na moyo ni kitu chengine. Nikaanza kuogopa kwamba Ami Mjaka alisema kweli, kwamba kuna kitu ndani yangu kimeanza kukatika, na kwamba kila siku nitakayokaa hapa kitazidi kukatika, mpaka nitarudi kwenu na cheti mkononi na kifua kitupu.

Kisha ikaja siku ya mkate wa matufaha. Bibi Ashworth alioka kitu cha unga na matunda ndani yake, na nilipoingia kutoka darasani nyumba yote ilikuwa inanukia Wawi. Dada, nilisimama kizingitini na kofia mkononi. Nilimwona mama amepiga magoti kwenye jamvi akigeuza karafuu, na vidole vyako vyeusi kwa kuchambua, na nzi, na jua. Nikakaa mezani, nikala, na meno yangu yakakutana na karafuu moja nzima. Niliitoa nikaiweka kiganjani. Inawezekana kabisa ilichumwa kwetu, na mtu ninayemjua. Nikalia mbele ya yule mama, mtu mzima mimi, na yeye akadhani chakula ni kibaya.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bwana Pringle, mkuu wa mafunzo yetu, nikamwambia nataka kurudi kwetu. Nilijua ninalolisema. Nilijua wewe ndiye uliyenitetea mbele ya wazee waliosema mtu wa umri wangu anakwenda kusoma nini tena. Nilijua wadogo wetu wa darasa la kwanza wanakaa hamsini hamsini mbele ya mwalimu mmoja, na mimi ndiye niliyechaguliwa nije kujifunza namna ya kuwafundisha walimu wengine. Nilijua nikirudi hawatapeleka mtu mwengine kutoka Pemba kwa siku nyingi. Hata hivyo nilisema. Bwana Pringle hakunigombeza. Aliniomba nisubiri Ijumaa ipite, kisha akisikia bado nataka ataniandikia safari. Nikasubiri, lakini kwa moyo nilikuwa nimeshafunga mzigo.

Siku hiyo hiyo akafika mwanafunzi mgeni aliyechelewa, mwalimu kama mimi, kutoka Malaya, jina lake Zainudin. Mtu mfupi, mcheshi, kofia yake nyeusi haimtoki kichwani. Aliposikia mimi ni Mwislamu alinikumbatia kama tuliachana jana. Alasiri ikaingia, nikamkaribisha chumbani kwangu tusali pamoja. Nikatandika mkeka wangu kuelekea alama ya mbwa. Zainudin akatandika wake kuelekea kabati.

Tukatazamana. Nikamwambia taratibu, ndugu yangu, umechoka kwa safari, kibla ni huku. Akaniambia kwa heshima kubwa kwamba yeye hakuchoka, na kibla ni kabatini. Nikamwuliza anajuaje. Akasema kwao tangu mtoto mdogo husali kulielekea jua linapotua, nami nikamwambia dada yangu alinifundisha tangu mtoto mdogo kwamba jua linapotua ni mkono wa kushoto. Akaniuliza kama nina hakika na dada aliyenifundisha. Nikamwambia dada yangu asimtie maneno! Tukaanza kucheka kwa hasira, kama wanavyocheka wazee wakiwa hawataki kugombana, na mwisho kila mtu akasali kuelekea kwake, yeye kabatini na mimi ukutani, ubavu kwa ubavu katika chumba kisichotosha mikeka miwili. Kwa mtu aliyechungulia, tulikuwa kama watu wawili wanaosubiri mabasi tofauti.

Siku ya pili darasani Zainudin hakuweza kunyamaza. Akamweleza Bwana Pringle shauri letu mbele ya watu wote. Bwana Pringle hakucheka. Alileta ile dunia ya duara ya kufundishia, akatwambia tuweke vidole. Nikaweka kidole Pemba, au niseme kwenye bahari ya buluu, maana hawakutuchora. Zainudin akaweka kwao. Wote wawili tukaitafuta Makka, tukaiona. Kisha Bwana Pringle akachukua uzi mwekundu, akaushikiza Pemba akauvuta Makka, na uzi ukapanda juu moja kwa moja, kaskazini, jua la asubuhi mkono wa kulia. Akauvuta kutoka Malaya, ukaenda upande wa kutulia jua. Tukapeana mikono, sote tulikuwa wa kweli. Mwisho akaushikiza hapa tulipo, akauvuta Makka.

Dada yangu, uzi ulishuka. Ulikwenda kusini na mashariki, ukaniacha mimi na ukuta wangu, ukamwacha na Zainudin na kabati lake.

Haya ndiyo niliyokuwa naogopa kukwambia. Tangu nifike Uingereza, mdogo wako uliyemwombea mbele ya wazee alikuwa anaipa Makka mgongo. Kila rakaa. Kila sijda. Si kwa kiburi wala kwa kusahau, bali kwa kushika sana kile ulichonifundisha. Sikufikiri kwamba ile ndege ilinivusha juu ya kibla usingizini, na kwamba niliyoizoea mbele sasa iko nyuma. Ramani nimeitundika ukutani skuli miaka yote, nikiwaonyesha watoto Ulaya iko wapi, na sikuwahi kujiweka mwenyewe ndani yake.

Nilitarajia nitaona aibu, na aibu niliiona. Lakini nilivyokuwa nautazama ule uzi, kuna kitu chengine kilinijia. Uzi wa Makka na njia ya Pemba ni upande mmoja. Pemba iko mbele kule kule, imesogea kidogo tu kulia. Nyinyi nyote mlikuwa mgongoni kwangu, na mimi nikishangaa kwa nini nyumba haina mtu.

Alfajiri iliyofuata niliukunja mkeka kutoka kwenye alama ya mbwa nikaugeuza kuelekea dirishani. Zainudin alichelewa kufika, kisha akasali nyuma yangu. Nilipofika tahiyatu, ukungu ulikuwa umepungua, na jua lilikuwa linatoka karibu mbele ya uso wangu, dogo na jekundu kama la ndotoni, halikuwa tena mkono wa kulia. Nikageuza shingo kutoa salamu. Na pale, dada, kabla uso haujafika begani, pale pale unapoanza kugeuka kwenda kulia, ndipo mlipo. Nikasema assalamu alaikum, na wallahi nilikusikia ukiniuliza za huko utokako. Safari hii sikucheka. Nilimaliza salamu ya kushoto nikabaki nimekaa mpaka Zainudin akaniuliza kama nimelala.

Ijumaa ilipopita nilikwenda kwa Bwana Pringle nikamwambia asiandike safari. Nitakaa mpaka mafunzo yaishe, inshaallah.

Sasa nina ombi. Nenda kwa Shehe Kificho umwulize hukumu ya mtu aliyesali hivyo kwa kutojua. Sema ni mtu tu, usitaje jina, ingawa najua atakutazama na atajua. Mimi kwa hadhari nimeshaanza kuzilipa. Kila sala ya faradhi nikiimaliza nasali nyengine ya kukadhi, na sioni uzito, maana kila moja inanigeuza tena upande wenu. Akisema zote zirudiwe, nitafurahi. Akisema Mola amezipokea zile za ukutani, nitashukuru, na huenda nikaendelea vile vile.

Ami Mjaka, ukiona inafaa, mwambie. Mwambie kweli niliipoteza, kama alivyosema, na kwamba nimeipata. Akicheka, mwache acheke, ana haki yake. Mwanawema mwambie baba yake anamsalimu mara tano kwa siku, na akitaka kuitikia aitikie. Nisalimie Bi Mwanapili na wanawe, na wote watakaouliza habari zangu kwa wema. Bibi Ashworth anakusalimu, na ameuliza kama karafuu zake ni zenu, nikamwambia ndiyo.

Dada, tafadhali nijibu upesi.

Nduguyo akupendaye,
Mmanga bin Vuai